UKURUTU WA MIDOMO: KUUFAHAMU NA KUUTUNZA

Matini ya mazungumzo ya afya kwa walimu wa skuli, walimu wa vyuo vya Kurani na wazee wa wanafunzi

Ni nadra kuingia katika darasa la watoto wadogo, hapa Unguja au kule Pemba, ikakosekana japo sura moja ya mtoto ambaye mdomo wake umezungukwa na duara jeusi, kavu, lenye magamba madogo madogo mfano wa unga ulionyunyizwa. Mtoto mwenyewe hutoa ulimi kila baada ya muda mfupi, akailamba midomo yake juu na chini, kisha akaendelea na kuandika kama kwamba hakufanya kitu. Wenziwe humcheka. Wazee wa wenziwe huwakataza watoto wao wasinywe maji katika kopo analonywea yeye. Pengine mwalimu naye, kwa nia njema, humrejesha nyumbani mpaka apone. Na mama yake, kwa kuona haya na kwa kutaka jambo limalizike kabla ya Sikukuu, huenda dukani akanunua tyubu ya krimu aliyosifiwa na jirani.

Yote hayo ni makosa, na hilo la mwisho ndilo lenye madhara makubwa zaidi. Ukurutu hauambukizi. Hauambukizi kwa kopo, kwa kijiko, kwa kukaa kitako pamoja juu ya jamvi, wala kwa kupeana mkono. Mtoto mwenye ukurutu wa midomo hana sababu yoyote ya kukosa skuli hata siku moja.

Maradhi haya watu wengi wanayaita pumu ya ngozi, na jina hilo lina maana yake. Katika nyumba nyingi ambamo mna mtoto mwenye ukurutu hupatikana pia ndugu mwenye pumu ya kifua, au mzee ambaye hupiga chafya mfululizo kila anapofagia vumbi. Ni ukoo mmoja wa maradhi, na watu wa ukoo huo huzaliwa na ngozi isiyoweza kuhifadhi maji yake vizuri. Hata hivyo, si kila mwenye ukurutu wa midomo ni wa ukoo huo. Wengine ngozi yao ni nzima kabisa, ila midomo yao imeudhiwa na kitu kinachoigusa kila siku bila ya wao wenyewe kutambua.

Midomo ni pahala padhaifu. Ngozi yake ni nyembamba kuliko ngozi ya sehemu nyengine za uso, haina tezi za jasho, na tezi za mafuta karibu haina. Kwa hivyo hukauka upesi. Mtu akihisi ukavu huilamba, na hapo ndipo kadhia yote inapoanza. Mate hayakuumbwa kulainisha ngozi. Yameumbwa kuanza kumeng'enya chakula, na yakiachwa juu ya mdomo hufanya kazi yao ile ile juu ya ngozi. Yanapokauka huondoka na unyevu mdogo uliokuwepo, mdomo ukazidi kukauka, ulimi ukatoka tena. Mtoto mwenye mafua ya kila mara, ambaye pua yake imeziba na hulala kinywa wazi, huamka asubuhi midomo imepasuka, na siku nzima huwa ni ya kulamba. Kumkaripia hakusaidii; aghalabu ataendelea kulamba kwa kujificha. Kinachosaidia ni kumpa kazi nyengine ya kufanya kila anapohisi ukavu, nayo itaelezwa mbele.

Ama kuhusu vitu vinavyoudhi midomo, vingi vyao wananchi wa visiwa hivi wanavijua kwa majina, ila hawavidhanii. La kutajwa mwanzo ni embe. Mwembe na mkorosho ni miti ya ukoo mmoja, na katika ukoo huo umo pia mtambaa mmoja wa Marekani ya Kaskazini ambao watu wa huko wanaukimbia, kwani jani lake likigusa ngozi huleta malengelenge na muwasho wa siku nyingi. Utomvu wa embe, ule unaochuruzika kwenye kikonyo linapochumwa, una vitu vya jinsi hiyo hiyo, na vimo pia ndani ya ganda. Nyama ya embe lililomenywa vizuri haina nguvu hiyo. Mtoto anayelitia embe mdomoni na ganda lake, akaling'ata ncha na kulinyonya, huwa anajipaka utomvu kwenye midomo, mashavu na kidevu.

Linalowababaisha wazee ni kwamba madhara hayo hayatokei pale pale. Hutokea baada ya siku 1, 2 au hata 3. Mtoto amekula embe Ijumaa. Jumapili midomo inawasha, imevimba, imetoka vijipele vya maji, na siku hiyo amekula samaki. Basi samaki ndiye anayelaumiwa, na mtoto hukatazwa samaki mwaka mzima huku maembe anaendelea kuyanyonya. Wengine hula maembe miaka mingi bila ya tatizo, kisha mwili ukabadilika na kuanza kuyakataa. Kwa hivyo hoja ya kuwa "amezoea kula tangu utotoni" si ushahidi. Mwenye mzio huo si lazima aache embe kabisa. Amenyewe na mtu mwengine, embe lioshwe kabla na baada ya kumenywa, likatwe vipande na kuliwa kwa uma au kijiti. Ikiwa hata hivyo midomo inawasha, hapo aliache.

Korosho ni kali zaidi. Mafuta yaliyomo ndani ya ganda la korosho huunguza ngozi, na watoto wa mashamba wanaozichoma wenyewe na kuzibangua kwa meno wanalijua hilo kwa kulionja. Korosho iliyokwisha banguliwa na kukaangwa ni jambo jengine.

Kisha yapo yale yanayoipa Zanzibar jina lake duniani. Karafuu na mdalasini ni viungo vyema, na pilau haiwi pilau bila ya hivyo. Lakini mafuta yao, yakiwa makali na yasiyochanganywa, huunguza midomo. Na kwa baadhi ya watu huleta mzio wa kweli, hata yakiwa kidogo tu ndani ya dawa ya mswaki, peremende au manukato. Madaktari wa ngozi duniani, wanapopima mzio wa manukato, hutumia mchanganyiko ambao ndani yake mna kitu cha karafuu na kitu cha mdalasini. Mwenye kutia mafuta ya karafuu kwenye jino linalouma na ayatie kwa pamba ndogo, yasienee mdomoni, na aende kwa daktari wa meno, kwa sababu jino bovu haliponi kwa mafuta.

Dawa ya mswaki yenye povu jingi na ladha kali ya mnanaa ni miongoni mwa sababu zinazosahauliwa mno, kwa kuwa hakuna anayedhani kuwa kitu cha usafi kinaweza kumdhuru. Dalili yake ni ukurutu uliokaa kwenye pembe za mdomo, pale povu linapokusanyika. Mtu asiache kupiga mswaki. Abadilishe dawa, achague isiyo kali, aweke kidogo, na baada ya kusukutua aoshe midomo yake kwa nje. Mafuta ya midomo yenye mnanaa au kafuri nayo ni vivyo hivyo: hupoza kwa dakika chache, kisha midomo hukauka zaidi, na mwenye kuyatumia hudhani kuwa hayawezi kuachwa.

Kwa akinamama, rangi ya mdomo ni ya kuangaliwa, khasa yenye harufu nzuri. Lipo na jambo dogo ambalo halisemwi: pini za mtandio. Mama anapojitanda mbele ya kioo huzibana pini 2 au 3 kwa midomo huku mikono ikipanga nguo, na fundi cherehani hufanya hivyo siku nzima. Pini nyingi zimepakwa nikeli, na nikeli ni katika madini yanayoongoza kwa kuleta mzio wa ngozi. Mtu ambaye herini zisizo za dhahabu humwasha masikio afahamu kwamba pini mdomoni si yake. Kwa upande wa wanaume, wapo wanaotia masharubu rangi nyeusi kila wiki, kisha wakashangaa mdomo wa juu kuwasha.

Sasa tiba. Watu hutarajia kuambiwa dawa gani iongezwe, na jawabu ni kwamba jambo la kwanza ni kuondoa. Kwa muda wa wiki 2 midomo isiguswe na rangi, manukato, mafuta yenye ladha, dawa kali ya mswaki, embe lenye ganda, pini, wala dawa yoyote ya kienyeji. Ndimu itajwe peke yake, kwa kuwa ndiyo inayokimbiliwa: maji ya ndimu juu ya ngozi, kisha jua, huunguza na kuacha doa jeusi. Chumvi na dawa ya mswaki iliyopakwa juu ya kidonda zinachoma tu. Kule kuchoma kunakodhaniwa kuwa ndiko kupona ni ngozi inayoumia.

Kinachopakwa katika wiki 2 hizo ni kimoja, nacho ni mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na harufu wala rangi. Yapakwe mara nyingi, hata mara 8 au 10 kwa siku: baada ya kunawa uso, kabla ya kula, baada ya kula, na mengi zaidi wakati wa kulala. Kupaka kabla ya kula kuna faida kubwa, kwani huukinga mdomo na ukali wa achari, pilipili, ukwaju na urojo. Mtoto apewe kikopo chake mwenyewe kidogo, afundishwe kuwa kila ulimi unapotaka kutoka, kidole ndicho kitangulie na mafuta. Hiyo ndiyo kazi iliyotajwa hapo nyuma. Wazee waliojaribu kwa siku 3 wakakata tamaa hawajajaribu. Ngozi inahitaji wiki kadhaa kujijenga.

Katika Mwezi wa Ramadhani midomo hukauka zaidi. Hukumu ya kupaka mafuta mchana wa saumu ni ya kuulizwa masheikh. Kwa upande wa tiba, inatosha kwa wengi kupaka kwa wingi baada ya kufuturu, wakati wa kulala na baada ya daku, na kunywa maji ya kutosha usiku.

Midomo ikishatulia, vilivyoachwa virejeshwe kimoja kimoja, na baina ya kimoja na chengine zipite siku 7. Kile kinachorejesha muwasho ndicho chenyewe. Penye kipimo cha mzio wa ngozi, ambapo vibandiko huwekwa mgongoni kwa saa 48 kisha ngozi ikasomwa na kusomwa tena baada ya siku kadhaa, ni vyema mwenye tatizo la muda mrefu apelekwe. Pasipo kipimo hicho, subira na daftari la kuandika alichokula na alichopaka vinafanya kazi nusu yake.

Lipo suala la krimu kali, na hapa wazee wanaombwa wasikilize kwa makini. Dawa za jamii ya steroidi ni dawa nzuri zikitumiwa kwa kipimo. Kwa midomo, daktari huweza kuandika haidrokotisoni ya asilimia 1, ipakwe nyembamba mara 1 au 2 kwa siku, kwa siku chache, aghalabu zisizozidi 7, kisha ikaachwa. Lakini zinazouzwa dukani na kusifiwa mitaani aghalabu si hizo. Ni betamethasoni na klobetasoli, ambazo nguvu yake ni mara nyingi zaidi, na nyengine zimechanganywa na dawa ya fangasi na ya vijidudu katika tyubu moja, ili ionekane kuwa ni dawa ya kila kitu. Zimo pia ndani ya mikorogo ya kubadilisha rangi ya ngozi, na mara nyengine hazikuandikwa juu ya chupa.

Siku ya tatu ukurutu umeondoka na kila mtu amefurahi. Mwezi wa tatu ngozi ya mdomo imekuwa nyembamba, imepauka, na kuzunguka mdomo kumetoka vipele vidogo vidogo vilivyoacha ukanda mwembamba wa ngozi safi karibu na mdomo wenyewe. Krimu ikiachwa, uso huwaka kuliko ulivyokuwa mwanzo. Mgonjwa hudhani maradhi yamerudi, akanunua tyubu nyengine. Kwa njia hii mtu aliyeanza na tatizo dogo la kulamba midomo hujikuta na tatizo la miaka. Aliyekwisha fika hapo asione haya kumwambia daktari jina la krimu na muda aliotumia. Uuzaji wa dawa na vipodozi Zanzibar unaongozwa na Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi Nam. 2 ya mwaka 2006, na mwenye mashaka na bidhaa anaweza kupeleka taarifa kwa Wakala wa Chakula na Dawa wa Zanzibar.

Wengi huingia katika mkasa huo kwa sababu moja tu: hawatafautishi maradhi na alama yake. Vitabu vya ng'ambo husema kuwa ukurutu ni mwekundu, na picha zao ni za watu weupe. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani hivyo. Ngozi huwa ya zambarau, ya kijivu, au nyeusi zaidi. Na ukurutu ukishapoa, weusi ule hubaki kwa wiki nyingi, pengine miezi. Muwasho umekwisha, magamba yamekwisha, ngozi ni laini, ila duara bado lipo. Huo si ugonjwa, ni kivuli chake, na kitaondoka chenyewe. Mama anayekisugua kivuli hicho kwa ndimu, kwa dodoki au kwa mkorogo huuamsha ugonjwa uliolala.

Si kila kidonda cha mdomo ni ukurutu. Malengelenge yaliyokusanyika pahala pamoja, yaliyotanguliwa na kuchomachoma, yanayorudi kila homa inapokuja, hayo ni ya virusi na yanaambukiza. Mwenye nayo asibusu watoto wachanga mpaka yakauke. Maganda ya rangi ya asali juu ya vidonda vibichi ni dalili ya vijidudu na yanahitaji dawa ya hospitali. Pembe za mdomo zinazopasuka na kukataa kupona zinaweza kutokana na fangasi, meno ya bandia yasiyokaa vizuri, upungufu wa damu au wa vitamini, na mara nyengine kisukari au upungufu wa kinga. Hilo la mwisho limewafanya watu kuwanyooshea vidole wenzao kwa kuwatazama midomo tu, jambo ambalo ni dhulma, kwani hakuna awezaye kujua damu ya mtu kwa kuangalia mdomo wake.

Doa jeusi linalowasha na kurudi pale pale kila mtu anapomeza dawa fulani, khasa dawa za salfa, linatokana na dawa hiyo. Jina lake liandikwe na mgonjwa alitaje kila aendapo kutibiwa. Wavuvi, na akinamama wanaolima mwani huko Paje, Bwejuu na Jambiani, ambao jua na maji ya chumvi huwapiga kutwa, waangalie mdomo wa chini. Ndugu wenye ualbino waangalie zaidi, na kofia yenye ukingo mpana isiwatoke. Magamba au kidonda cha mdomo wa chini kisichopona kwa wiki 3 kioneshwe kwa daktari bila ya kungoja, na wanaotafuna tambuu na tumbaku wasiseme kuwa ni chokaa tu iliyowaunguza.

Mambo 2 hayangojei kesho. La kwanza ni midomo kuvimba ghafla baada ya kula kitu, kumeza dawa au kuumwa na nyuki, pamoja na kukwama kwa pumzi. La pili ni midomo kuchubuka na kutoa damu, macho kuwa mekundu na mwili kupata homa katika siku au wiki za mwanzo za kutumia dawa mpya. Mgonjwa huyo aache dawa hiyo na apelekwe hospitali saa ile ile, iwe mchana au usiku.

Kwa mengine yote, kituo cha afya kilicho karibu ndicho cha kuanzia. Mwenye kwenda achukue katika mfuko mmoja kila kitu kinachogusa mdomo wake: dawa ya mswaki, rangi, mafuta, tyubu zote alizowahi kupaka, hata zilizokwisha. Walimu wa skuli na wa vyuo wanaombwa wawaruhusu wanafunzi wenye tatizo hili kuwa na kikopo cha mafuta ya mgando ndani ya mkoba na kujipaka wakati wa masomo bila ya kuomba ruhusa, na wasimdai mwanafunzi yeyote cheti cha kuthibitisha kuwa ukurutu wake hauambukizi.